Shajara ya mradi: furushi la DAB+ la idhaa sita kwa programu huria

Shajara hii inafuatilia ujenzi wa mtambo mdogo wa redio ya kidijitali wa aina ya DAB+, kuanzia sauti inapotoka studio hadi inaposikika kwenye redio ya kawaida. Inaandikwa kadiri hatua zinavyokamilika, ili anayetaka kunakili kazi ayapate na makosa yake. Hatua zilizokwenda sawa zimetajwa kwa mstari mmoja au miwili. Gharama imeandikwa kwa siku za kazi, vifaa vilivyoharibika na umeme uliotumika.

Kabla ya yote: kurusha mawimbi hewani bila leseni ya masafa ni kosa, hata kwa wati moja. Kazi yote iliyoandikwa hapa imefanyika ndani ya kebo. Mwisho wa njia kuna mzigo bandia wa omu 50 na kipokezi, wala hakuna antena ya kurushia iliyofungwa.

6 Januari: hesabu ya nafasi

Kwenye FM kila idhaa ina masafa yake na transmita yake. Kwenye DAB+ idhaa nyingi hufungwa furushi moja, na furushi zima hurushwa na transmita moja kwenye upana wa 1.536 MHz. Ndani ya upana huo mna vibebaji 1,536 vilivyoachana kHz 1, na kila alama moja ya kila kibebaji ina biti 2. Alama huchukua mikrosekunde 1,246: 1,000 ni za data, 246 ni za kinga dhidi ya mwangwi. Hizo 246 zitatusumbua mwezi wa nne.

Nafasi ya furushi huhesabiwa kwa vipande. Kila milisekunde 24 kuna vipande 864, kila kimoja biti 64. Idhaa inakula vipande vingapi kunategemea kasi yake na kiwango cha kinga, yaani data ya ziada ya kusahihisha makosa. Kwa kila kilobiti 8 kwa sekunde, kinga ya 3-A hula vipande 6, ya 2-A hula 8, na ya 4-A, ambayo ni nyepesi kuliko zote za kundi A, hula 4. Mgawo wetu:

- idhaa nne za muziki na mchanganyiko, kilobiti 64, kinga 3-A: vipande 48 kila moja, jumla 192
- idhaa moja ya muziki mtupu, kilobiti 96, kinga 3-A: vipande 72
- idhaa moja ya habari na maongezi, kilobiti 40, sauti ya mkondo mmoja (mono), kinga 2-A: vipande 40

Jumla ni 304. Vipande 560 vimebaki wazi, na inafaa kujua mapema kwamba vikibaki wazi havipunguzi umeme hata kidogo: transmita hurusha vibebaji vyote 1,536 vikiwa na idhaa au bila idhaa. Kwa kilobiti 64 na kinga 3-A furushi zima linabeba idhaa 18. Anayejenga kwa ajili ya idhaa mbili tu anapaswa kuifikiria hesabu hiyo kabla ya kununua chochote.

Programu ni nne, zote huria na zote za mradi wa Opendigitalradio: ODR-AudioEnc ya kubana sauti, ODR-PadEnc ya maandishi na picha, ODR-DabMux ya kufunga furushi, ODR-DabMod ya kuligeuza kuwa wimbi. Zinakaa kwenye kompyuta moja ya Linux. Upande wa wimbi kuna redio ya programu (SDR) ya biti 12 yenye USB 3, upande wa kupokea kuna RTL-SDR (kipokezi kidogo cha USB) yenye programu ya welle.io, pamoja na redio mbili za kawaida za DAB+. Masafa ya majaribio ni chaneli 12C, yaani 227.360 MHz.

14 Januari: furushi linafungwa, majina yanakataliwa

Kusakinisha programu kulichukua siku moja. Siku ya pili iliishia kwenye majina.

Jina la idhaa halizidi herufi 16, zikihesabiwa na nafasi. "Habari na Michezo" ni 17. ODR-DabMux ilikataa kuwaka, ikasema wazi kosa liko kwenye jina, na hilo ni bora kuliko kulikata kimyakimya. Likawa "Habari+Michezo".

Kilichotuchelewesha zaidi ni jina fupi la herufi zisizozidi 8 ambalo redio zenye kioo kidogo hulitumia. Jina hilo halirushwi kama jina la pili. Kinachorushwa ni alama 16 za ndiyo au hapana, zinazosema ni herufi zipi za jina refu zibaki. Kwa hiyo kila herufi ya jina fupi lazima iwemo kwenye jina refu, kwa mpangilio uleule na ukubwa uleule. "HBRMCHZ" ilikataliwa kwa sababu B kubwa haimo. "HbrMchz" ilikubaliwa.

Kosa la tatu halikuonyeshwa na programu yoyote. Idhaa mbili zilinakiliwa kwenye faili ya usanidi bila kubadilisha namba ya utambulisho. Redio moja ilionyesha idhaa tano, nyingine sita lakini mbili zikicheza sauti moja. Namba zikarekebishwa, na bado redio ya kwanza ikaonyesha tano, kwa kuwa ilikuwa imehifadhi orodha ya zamani. Ilibidi kufuta orodha na kutafuta upya. Tangu siku hiyo kila badiliko la namba linafuatwa na utafutaji mpya kwenye redio zote. Bila hivyo utarekebisha kitu ambacho tayari kimerekebika.

23 Januari: mkatiko wa kila saa 2 na dakika 40

Idhaa sita ziliachwa zikicheza usiku kucha. Asubuhi kumbukumbu za maltipleksa (ODR-DabMux, inayofunga furushi) zilionyesha tano safi, na ile ya habari imekatika mara tatu, kila mara kwa takriban nusu sekunde. Mkatiko mmoja na unaofuata uliachana kwa saa 2 na dakika 40, bila kupungua wala kuzidi hata dakika.

Mtandao ukiwa mbovu hukatika ovyo. Kosa linalorudi kwa mwendo sawa namna hii ni la saa mbili zisizokwenda pamoja. Idhaa tano zilikuwa zinachezwa na kompyuta ileile ya maltipleksa, kwa saa ileile. Ya habari ndiyo pekee iliyoingia kupitia kadi ya sauti, na kadi ya sauti ina fuwele yake yenyewe inayoendesha saa.

Hesabu ilithibitisha. Maltipleksa husubiri fremu 20 za milisekunde 24 kabla ya kuanza kucheza, yaani akiba ya milisekunde 480. Saa 2 na dakika 40 ni sekunde 9,600. Gawanya 0.48 kwa 9,600, unapata sehemu 50 kwa milioni. Kadi iliyoandikwa sampuli 48,000 kwa sekunde ilikuwa inatoa 47,997.6. Upungufu wa sampuli 2.4 kwa sekunde ulikuwa unakula akiba taratibu. Akiba ikiisha, maltipleksa inasimama kujaza nyingine ya milisekunde 480, na hapo ndipo nusu sekunde ya ukimya inapotoka.

Tuliyojaribu:

Kwanza, kuongeza akiba hadi fremu 80. Mkatiko ulisogea hadi saa 10 na dakika 40, na kila ukija ukadumu karibu sekunde 2. Hili ni kosa baya kuliko la mwanzo, kwa kuwa jaribio la saa nane linapita bila doa na mtu anaamini amemaliza.

Pili, chaguo la -D la ODR-AudioEnc, linaloifanya enkoda ifidie tofauti ya saa ya kadi. Mkatiko uliisha. Kwenye maongezi viraka vya fidia hiyo havisikiki. Kwenye noti ndefu ya filimbi, kwa vipaza sauti vya masikioni, vilisikika.

Tatu, na ndivyo ilivyobaki: kadi ya sauti yenye mlango wa saa ya nje, saa ikitoka kwenye chanzo cha 10 MHz kilichofungwa na GPS, na saa ya kompyuta ikirekebishwa na GPS hiyohiyo. Saa 60 zimepita, akiba imebaki palepale.

Gharama: siku nne za kazi na kadi moja ya sauti iliyowekwa kando.

9 Februari: picha inayokula sauti

DAB+ hubeba maandishi ya hadi baiti 128 na picha zinazobadilika, ndani ya idhaa yenyewe. Nafasi yake inakatwa kutoka kwenye sauti, na ukubwa wa mkato unaamuliwa na namba moja kwenye usanidi ambayo ni rahisi kuinakili bila kufikiri.

Tuliweka baiti 58 kwa kila fremu ya sauti. Kwa sauti ya sampuli 48,000 iliyobanwa kwa HE-AAC, mbinu ya kubana sauti inayotumiwa na DAB+, kuna fremu tatu kila milisekunde 120. Idhaa ya kilobiti 64 ina baiti 960 katika muda huo, 80 zikiwa za kusahihisha makosa, zinabaki 880. Baiti 58 mara tatu ni 174. Moja ya tano ya idhaa ilikuwa imetolewa kwa picha, na enkoda ikajibana kwenye kilichobaki.

Maongezi hayakuonyesha tofauti. Matoazi yalikuwa yanasikika kama maji yanayomwagwa, na makofi ya ukumbini yakawa kama mchanga kwenye bati. Makofi ndiyo kipimo kizuri kuliko muziki wowote: hayana sauti inayojirudia, kwa hiyo enkoda haina pa kujificha.

Picha yenyewe ilikuwa na kilobaiti 46. Kwa baiti 1,450 kwa sekunde inachukua sekunde 32 kufika, na anayefungua redio katikati anasubiri hiyo iishe na nyingine ianze. Sasa picha ni JPEG ya pikseli 320 kwa 240, kilobaiti 9, na nafasi imeshushwa hadi baiti 24. Hiyo ni asilimia 8 ya idhaa. Picha inafika kwa sekunde 17, maandishi yakiwa yamechukua sehemu yake. Idhaa ya habari ya kilobiti 40 haina picha kabisa, ina maandishi tu.

Jambo dogo la siku hiyohiyo: idhaa zote zimesawazishwa kwa -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Furushi moja lenye idhaa zinazopishana kwa sauti kubwa na ndogo humfanya msikilizaji ashike kitufe cha sauti kila anapohama, na faili zilizokwisha kubanwa kwa MP3 husikika vibaya zaidi zikibanwa mara ya pili. Vyanzo vyote sasa ni WAV au FLAC.

20 Februari: wimbi la kwanza, na herufi U

ODR-DabMod ilitoa wimbi, redio zikacheza idhaa zote sita. Kwa sikio kazi ilikuwa imekamilika.

Kwenye kidirisha cha kompyuta kulikuwa na herufi U, moja kila dakika mbili au tatu. Kila U maana yake SDR ilihitaji sampuli na haikuzikuta. Pengo hilo huvunja fremu ya milisekunde 96. Redio hazikuonyesha chochote kwa sababu data ya kila idhaa hutawanywa katika milisekunde 384, na usahihishaji uliziba tundu. Usahihishaji uliotumika kuziba uzembe wa kompyuta haupo tena pale msikilizaji anapouhitaji kwa sababu ya umbali.

Dhana ya kwanza ilikuwa USB haina kasi. Si kweli: sampuli 2,048,000 kwa sekunde, baiti 4 kila moja, ni megabaiti 8.2 tu, hata USB 2 inabeba. Tatizo lilikuwa ucheleweshaji. Kompyuta ilikuwa kwenye hali ya kuokoa umeme, prosesa ikishusha mwendo kila inapopata nafasi na kuchelewa kuamka. Marekebisho yalikuwa matatu: prosesa ikawekwa kwenye mwendo kamili muda wote, ODR-DabMod ikapewa kipaumbele cha wakati halisi, SDR ikachomekwa moja kwa moja bila kigawanyi cha USB. Siku tatu zimepita bila U hata moja. Umeme wa kompyuta umepanda kutoka wati 19 hadi 31.

Mawili mengine yaliyoonekana kwenye kipima spektra, kifaa kinachoonyesha nguvu iliyopo kwenye kila masafa:

Kuzidisha ukubwa wa wimbi la kidijitali. Kipimo cha kuongeza ukubwa ndani ya ODR-DabMod kiliwekwa 1.6 ili kupata nguvu zaidi. Vilele vikakatwa kabla hata ya kutoka kwenye SDR, na pande zote mbili za wimbi yakaota mabega, yaani nguvu iliyomwagika nje ya chaneli. Kimerudishwa 0.8, na nguvu inaongezwa upande wa analogi.

Mawimbi ya ziada. SDR iliyoambiwa 227.360 MHz hutoa pia 454.720 na 682.080. Lile la 682.080 lilikuwa chini ya wimbi letu kwa desibeli 14 tu. Filta inayokata juu ya 260 MHz imefungwa kati ya SDR na amplifaya. Ikifungwa baada ya amplifaya peke yake, amplifaya inapoteza nguvu kukuza takataka, na takataka hizo zinachanganyika na wimbi halisi.

8 Machi: amplifaya, na kosa la desibeli 26

Amplifaya inaandikwa wati 30. Hizo ni za kilele. Wimbi la DAB ni jumla ya vibebaji 1,536, na kuna nyakati vingi vyao hupanda pamoja, hivyo kilele huuzidi wastani kwa desibeli 10 au zaidi. Amplifaya ikikosa nafasi ya kilele, inakikata, na kilichokatwa kinamwagika kwenye chaneli za jirani kwa umbo la mabega.

Vipimo, bega likipimwa dhidi ya sehemu ya juu ya wimbi:

- wastani wa wati 12: desibeli 21
- wastani wa wati 8: desibeli 26
- wastani wa wati 5: desibeli 31

Tumebaki na wati 5. Kwa 28 V amplifaya inavuta ampea 1.3, yaani wati 36, na wati 31 kati ya hizo ni joto. Kipoza joto cha kwanza kilifika nyuzi 78 kwa dakika 25, kikabadilishwa na kikubwa chenye feni.

Sasa kosa. Kipimo cha mipaka ya wimbi (kinyago) kinaandikwa kwa nguvu ndani ya kHz 4 dhidi ya nguvu yote ya wimbi. Kipima spektra kikiwekwa kHz 4, sehemu ya juu ya wimbi inayoonekana kwenye kioo si nguvu yote. Ni kHz 4 kati ya kHz 1,536, yaani sehemu moja ya 384, ambayo ni desibeli 25.8 chini. Tuliichukua nguvu yote kutoka kwenye mita ya nguvu, tukaiweka kama sifuri, halafu tukaisoma tofauti ya bega kutoka hapo na kuilinganisha na ule mstari wa tarehe hiyohiyo uliopimwa kutoka juu ya wimbi. Desibeli 31 zikawa 57, na ikaandikwa kwamba filta ya mwisho haihitajiki. Kosa lilidumu siku sita. Lilionekana pale vipimo viwili vya wimbi lilelile vilipotofautiana kwa desibeli 26 kamili, na hakuna kifaa kinachoharibika kwa namba nzuri namna hiyo.

Anayenakili achague njia moja, aiandike juu ya kila jedwali, asiziingilianishe.

Filta ya mapango (vyumba vya chuma vinavyopitisha masafa yetu tu) yenye hatua sita imefungwa baada ya amplifaya. Inapoteza desibeli 1.2, kwa hiyo wati 5 zinatoka zikiwa 3.8. Mabega yamezama chini ya sakafu ya kipima chetu.

Mita ya nguvu nayo ilibadilishwa. Mita ya dayodi iliyopimwa kwa wimbi moja laini hudanganywa na vilele vya DAB. Ya joto haijali umbo la wimbi.

15 Machi: kipunguza nguvu kilichoungua

Ili kipokezi kisipigwe na wati 3.8, kuna vipunguza nguvu vinavyofuatana, jumla desibeli 90. Cha kwanza kwenye mstari lazima kibebe nguvu yote. Wakati wa kubadilisha kebo, cha wati 2 kiliwekwa mbele na cha wati 20 nyuma.

Kilikaa hivyo saa 19. Redio zote zilicheza muda wote bila mkatiko. Aliyegundua ni pua: harufu ya rangi iliyochomeka. Kipande kilikuwa na weusi kwenye ukingo wa kiungio, na upinzani wake ulikuwa omu 71 badala ya 50. Nguvu iliyokuwa inarudi nyuma kutokana na hilo ilikuwa inapiga amplifaya. Amplifaya ilipimwa upya na imesalimika.

Gharama: kipunguza nguvu kimoja. Sasa kila kimoja kina utepe wenye wati zake kwa maandishi makubwa, na baada ya amplifaya kuna kipima nguvu inayorudi, kinachozima kila kitu ikizidi wati 0.4.

29 Machi: mporomoko

Kufikia hapa makosa manne, yaani herufi U, mabega, kipunguza nguvu na namba zilizorudiwa kwenye redio moja, yalipita huku sauti ikiwa safi. Jaribio hili lilifanywa kupima usafi huo unaficha kiasi gani. Nguvu inayoingia kwenye kipokezi ilishushwa kwa desibeli moja moja, na kwenye kila hatua zikahesabiwa baiti zilizosahihishwa kwa dakika tano.

DAB+ ina ngazi mbili za usahihishaji. Ya ndani hushughulika na biti moja moja. Ya nje, Reed-Solomon, huchukua kila baiti 110 za sauti na kuziongezea 10, hivyo inaweza kurekebisha baiti 5 zilizoharibika kati ya 120. Ya sita ikiharibika, kundi zima linapotea.

Matokeo ya idhaa za kinga 3-A, kwenye RTL-SDR yetu: hadi -93 dBm (desibeli dhidi ya miliwati moja), hakuna baiti hata moja iliyosahihishwa na Reed-Solomon. Kwenye -95 zinaanza, chache kwa dakika. Kwenye -97 ni mfululizo usiokoma, na sauti bado ni ileile, haina hata chembe ya mkwaruzo. Kwenye -98 mikatiko ya kwanza. Kwenye -99 ukimya.

Desibeli moja kati ya sauti safi na mikatiko, mbili hadi ukimya. FM ingeanza kuvuma mapema sana na msikilizaji angesogeza antena. Hapa hapati onyo. Idhaa ya habari yenye kinga 2-A iliendelea hadi -101. Desibeli hizo mbili zilitugharimu vipande 10 tu kati ya 864, na kwa idhaa inayotoa tahadhari za dharura tungezilipa mara mbili yake bila kusita.

Kanuni ya mradi kuanzia leo: hatua haihesabiwi imekamilika kwa kusikiliza. Inakamilika idadi ya baiti zilizosahihishwa ikiwa sifuri kwa saa 24, nguvu ikiwa desibeli 10 juu ya mporomoko, yaani pale mikatiko inapoanza.

Tahadhari moja kwa anayerudia jaribio: RTL-SDR ikiachwa ijipangie ukuzaji wake yenyewe, vipimo havilingani siku hadi siku. Tulifunga ukuzaji kwenye thamani moja. Na ikipewa nguvu nyingi kupita kiasi, mchoro wa nukta (unaoonyesha usafi wa vibebaji) huchafuka sawasawa na pale nguvu inapokuwa ndogo. Siku nzima ilipotea kwa kuongeza nguvu mahali ilipotakiwa kupunguzwa.

12 Aprili: transmita mbili, masafa mamoja

Faida kubwa ya DAB ni hii: transmita mbili zinaweza kurusha furushi moja kwenye masafa mamoja na kusaidiana, mradi wimbi la pili lifike ndani ya mikrosekunde 246 za kinga. Kwa mwendo wa mwanga hizo ni kilomita 74 za tofauti ya umbali. SDR ya pili na kompyuta yake ziliongezwa, matokeo yakaunganishwa ndani ya kebo kwa nguvu sawa.

Jaribio la kwanza: kila moja sawa peke yake, pamoja ukimya. SDR ya pili ilikuwa kwenye saa yake ya ndani, yenye uhakika wa sehemu 2 kwa milioni. Kwa 227 MHz hiyo ni hadi Hz 455, karibu nusu ya nafasi kati ya kibebaji na kibebaji. Zote mbili zikafungwa kwenye 10 MHz moja na mpigo mmoja wa sekunde kutoka GPS.

Jaribio la pili: transmita ya pili ilikaa kimya, ikisema fremu zimechelewa. Kila fremu ina muhuri wa wakati wa kurushwa, na modyuleta (ODR-DabMod) huongeza muda wa kusubiri. Muda wetu ulikuwa mfupi kuliko safari ya mtandao. Umewekwa sekunde 2 kwenye zote mbili. Ukiwekwa tofauti, hata kwa milisekunde, transmita hazisaidiani tena, zinagombana.

Jaribio la tatu lilikuwa na kosa gumu kuliko yote. Mihuri hiyo huhesabiwa kwa wakati wa TAI, wakati wa kimataifa wa saa za atomiki, ambao tangu mwanzo wa 2017 uko mbele ya UTC, wakati rasmi wa dunia, kwa sekunde 37. Maltipleksa huipata namba hiyo kwenye intaneti. Kompyuta yetu ya maltipleksa ilikuwa imefungiwa nje ya intaneti kwa usalama. Iliandika onyo kwenye mstari mmoja kati ya mamia, na mihuri ikatoka bila maana. Sasa taarifa hiyo imehifadhiwa kwenye faili ndani ya kompyuta, na tarehe ya mwisho wa matumizi yake imeandikwa ukutani.

Gharama: siku sita, nne zikiwa za jaribio la tatu.

19 Aprili: kuchelewesha kwa makusudi

Transmita ya pili ilicheleweshwa hatua kwa hatua. Kwa mikrosekunde 2, wimbi lililounganishwa linaonyesha mabonde matatu yaliyoachana kHz 500, na baiti zilizosahihishwa ni sifuri: vibebaji vilivyozama vinaokolewa na vya jirani. Kwa 50, 100, 200 na 240, sifuri. Kwa 260, Reed-Solomon inaanza kazi. Kwa 300, idhaa za 3-A zimekufa, ya 2-A inakatikakatika. Transmita ya pili ikishushwa desibeli 12, idhaa zote zinarudi hata kwa 300.

Kwa hiyo mwangwi wa mbali si hatari kwa umbali peke yake. Unakuwa hatari ukifika kwa nguvu inayokaribiana na ya karibu, kama inavyotokea juu ya mlima unaoona transmita mbili.

27 Aprili: saa 72

Mfumo wote umewashwa saa 72 kwenye mzigo bandia, transmita zote mbili, idhaa sita. Herufi U: 0. Mikatiko: 0. Baiti zilizosahihishwa: 0 kwa saa 51 za kwanza, halafu 214 ndani ya dakika nne, halafu 0 tena. Dakika hizo nne zinalingana na kumbukumbu za kipokea GPS, kilichopoteza setilaiti zote na kurudi. SDR ya pili ilianza kuteleza polepole kabla ya kushikwa tena.

Hakuna redio iliyotoa hata mkwaruzo. Antena ya GPS ilikuwa kwenye dirisha linaloona robo ya anga. Imehamishiwa paani kwa kebo ya mita 18, na saa 72 zinaanza kuhesabiwa upya kesho asubuhi.